Ndege ilizungushwa nusu saa ilhali juu ya uwanja wa Mwanza kulikuwa kweupe: mawingu ya ziwani hutokeaje, na nani huyapima?

BintiWaIlemela

Habari za asubuhi, wadau. Nina swali lililonikaa kichwani tangu wiki iliyopita, nami naomba anayelijua jambo hili kwa undani anifafanulie taratibu, kwa sababu ninafundisha jiografia kidato cha pili na ningependa nikalieleze darasani bila kubahatisha.

Nilikuwa nasafiri kutoka Dar es Salaam kurudi nyumbani Mwanza kwa ndege ya alfajiri. Tulipokaribia, yapata saa 1 na robo asubuhi, rubani alitutangazia kwamba tutazunguka kwa muda upande wa kusini wa jiji kwa sababu kuna wingu la radi kaskazini mwa uwanja, juu ya ziwa. Tulizunguka kwa karibu nusu saa. Nilikuwa nimekaa dirishani, na upande wangu niliona jua, vilima vya mawe, mabati ya nyumba yaking'aa, na vijiwingu vyeupe vilivyotawanyika kama pamba iliyoanikwa. Kaka yangu aliyekuwa akinisubiri uwanjani ananiambia kwamba juu ya kichwa chake kulikuwa na mawingu machache tu, na kwamba halikudondoka hata tone moja hadi tukatua.

Vitabu vyetu vinasema mvuke hupanda, hupoa, kisha huwa mawingu. Lakini kwa nini hewa ipoe kwa kupanda, wakati inalikaribia jua? Rubani naye anapoambiwa kwamba wingu liko futi 1,500, ni nani aliyelipima, na kwa kifaa gani? Linalonisumbua zaidi ni hili: inakuwaje ndege izuiwe na wingu ambalo haliko juu ya uwanja?

MchunguziMstaafu

Mwalimu, salaam. Nimefanya kazi ya uchunguzi wa hali ya hewa kwa zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa katika vituo vya kandokando ya ziwa hili, na walionifundisha walikuwa wameanza kazi katika idara ya pamoja ya Afrika Mashariki, kabla Jumuiya ile haijavunjika mwaka 1977. Swali lako la mwisho ndilo lenye uzito, lakini halijibiki kabla ya yale mawili ya mwanzo, kwa hiyo nakuomba univumilie.

Darasani anza na baiskeli. Chukua yenye tairi lililojaa vizuri, bonyeza sindano ya valvu kwa ukucha, na ukinge hewa inayotoka kwa mgongo wa mkono: utaihisi ni ya baridi, hata kama tairi limeshinda juani. Hewa iliyobanwa ikiachiwa hutanuka, na nguvu ya kutanukia huitoa katika joto lake yenyewe. Hewa iliyo karibu na ardhi nayo imebanwa, kwa kuwa imebeba uzito wa hewa yote iliyo juu yake. Ikipanda, mzigo hupungua, hutanuka, na hupoa kwa takriban nyuzijoto 1 kila mita 100, maadamu haijaanza kutoa matone. Habari ya kulikaribia jua isiwatatize wanafunzi. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150, na kilomita moja au mbili za kupanda hazibadilishi chochote. Isitoshe, hewa ya huku chini hupashwa joto na ardhi na maji yaliyo chini yake zaidi kuliko na miale inayopita ndani yake.

Kila hewa yenye mvuke ina kiwango chake cha umande, yaani kiasi cha joto ambacho ikipoa hadi hapo, mvuke wake huanza kugeuka matone, kama yale unayoyaona nje ya chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Kiwango hicho nacho hushuka kidogo hewa inapopanda, na kwa sababu hiyo pengo kati ya joto na umande hufungwa kwa nyuzijoto 1 katika kila mita 125 hivi. Tuseme saa 6 mchana hapo Ilemela joto ni nyuzijoto 27 na umande ni 19: pengo ni 8, kwa hiyo kitako cha wingu kitakuwa karibu mita 1,000 juu, au futi 3,200 na kitu. Ndiyo maana mawingu ya mchana yamekatwa sawia kwa chini, kana kwamba yamepangwa juu ya kioo. Si wingu lililoshuka likasimama pale. Ni hewa inayopita ambayo, ikifika urefu ule, mvuke wake huanza kuonekana. Matone huzaliwa kitakoni na kukauka pembeni muda wote, nasi huku chini tunadhani tunatazama kitu kimoja kilichotulia.

Matone hayo huhitaji pa kushika, na hushika kwenye chembe za vumbi, chumvi na moshi zinazoelea hewani. Tone la wingu lina upana wa takriban sehemu 2 kwa 100 za milimita, na tone moja la mvua la kawaida ni mkusanyiko wa matone kama hayo yapata milioni moja. Jambo la kusisitiza zaidi ni kwamba mvuke unapogeuka matone hulirudisha lile lile joto lililotumika kuyafanya maji ya ziwa yawe mvuke. Hewa iliyo ndani ya wingu kwa hiyo hupoa polepole, karibu nusu tu ya kasi ya awali, hubaki nyepesi kuliko hewa inayoizunguka, na huzidi kupanda. Kumulonimbasi, yaani wingu la radi, hujiendesha kwa joto hilo. Huku kwetu kichwa chake kinaweza kupita kilomita 15, kikatandaa juu kama fuawe la mhunzi.

Sasa njoo ziwani. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na maji yake hukaa na joto la karibu nyuzijoto 25 usiku na mchana. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huingia kujaza pengo. Mawingu makubwa ya alasiri hukua juu ya nchi, na nyanda za juu za Kericho kule Kenya zinajulikana kwa mvua ya mawe. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, maji hubaki na joto lake, na upepo hutoka pande zote, Mwanza, Musoma, Kisumu, Entebbe, Bukoba, ukielekea katikati ya ziwa, na pepo hizo zikikutana hazina pa kwenda isipokuwa juu. Mawingu ya radi huzaliwa humo kati ya usiku wa manane na asubuhi, kisha husukumwa na upepo mkuu utokao mashariki. Kwa hiyo Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali Mwanza hupata kama nusu yake. Saa 1 na robo asubuhi, Mwalimu, ziwa lilikuwa bado linamalizia kazi ya usiku.

Kuhusu kupima: kila saa, na mahali pengine kila nusu saa, mchunguzi hutoka nje dakika chache kabla ya muda wa taarifa na kuligawa anga lote, kwa macho yake, katika sehemu 8 ziitwazo okta. Okta 1 hadi 2 huandikwa FEW, 3 hadi 4 SCT, 5 hadi 7 BKN, na 8 OVC. Tabaka la chini kabisa linaloziba zaidi ya nusu ya anga ndilo dari ya rubani. Usiku ni lazima usimame gizani dakika kadhaa mpaka macho yazoee, kisha uhesabu mawingu kwa nyota zilizokosekana. Niliwahi kumwona kijana aliyetoka chumba chenye taa akarudi baada ya nusu dakika na kuandika anga safi, nikamrudisha nje, tukasimama pamoja, na polepole akaanza kuona kwamba upande mzima wa magharibi haukuwa na nyota hata moja. Aina za mawingu nazo huandikwa. Majina tunayotumia, kumulasi kwa yanayorundikana, stratasi kwa yanayotandaa, sirasi kwa yale membamba ya juu kama nywele, yalianzishwa na Luke Howard, mfamasia wa London, katika hotuba ya mwaka 1802. Bibi yangu, Msukuma, aliyaita yote malunde, na alijua vyema ni lipi la kumfanya aanue michembe.

Urefu wa kitako hupimwa siku hizi kwa kifaa cha leza kinachotazama juu: hupiga mwanga, husubiri urudi, na hukokotoa. Wingu likiwa mita 1,500 juu, mwanga huenda na kurudi kwa sehemu 10 za milioni moja ya sekunde. Zamani tulirusha puto lililojazwa gesi kwa kipimo ili lipande kwa kasi inayojulikana. Likipanda futi 400 kwa dakika na kumezwa na wingu baada ya dakika 4, tuliandika futi 1,600. Usiku tulimulika taa wima, na mtu aliyesimama mita 300 kutoka kwenye taa alipima pembe ya doa la mwanga kitakoni mwa wingu. Pembe ikiwa nyuzi 45, urefu ni mita 300 zile zile. Ikiwa nyuzi 60, ni kama mita 520. Hesabu hiyo hata wanafunzi wako wataiweza.

Hapo ndipo swali lako la mwisho linapojibika. Leza huona tu kile kinachopita juu ya kichwa chake. Wingu la radi lililosimama kilomita 12 kaskazini, juu ya maji, hailioni hata kidogo, na laiti taarifa ingekuwa ya kifaa hicho peke yake, ingesema anga ni safi. Ni jicho la mchunguzi, na kwa sasa pia rada ya hali ya hewa ya Mwanza, vinavyoliona. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga hazihesabu okta za wingu hilo kama za mengine: hata likiwa okta 1 tu, ni lazima litajwe kwa jina, CB, kifupi cha kumulonimbasi.

DagaaWaIgombe

Shikamoo mzee Mchunguzi, na salaam kwako Mwalimu. Mimi si mtaalamu; ninavua dagaa nikitokea Igombe, na nataka kushuhudia yale aliyoyasema mzee, kwa kuwa sisi tunayaona kutoka chini yake.

Tunatoka usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, ili dagaa wazifuate taa zetu. Mara nyingi juu yetu nyota ni tele, lakini ikifika saa 8 au saa 9 usiku tunaona radi inamulika upande wa Ukerewe bila sauti. Sauti ikianza kusikika tunahesabu sekunde kutoka mmuliko hadi mngurumo, na kila sekunde 3 ni kilomita moja. Likikaribia hesabu ya 30, tunaanza kuvuta nyavu, hata kama juu yetu bado ni kweupe kabisa.

Jambo ambalo mtu wa nchi kavu halijui ni kwamba upepo hutangulia. Wingu liko mbali, mvua yake inaonekana kama pazia lililoning'inia, na ghafla unahisi baridi shingoni, harufu ya mvua inafika, kisha unaona mstari mweusi wa mawimbi madogo unakuja juu ya maji. Kutoka kuuona mstari ule hadi mtumbwi kuanza kurushwa ni dakika chache. Nina hakika upepo huo huo ndio uliokuwa unasubiriwa na rubani wenu upite.

RubaniWaVisiwani

Ndugu wa Igombe amelenga penyewe. Ninarusha ndege ndogo kuzunguka ziwa hili, na naomba niongezee yanayoonekana kutoka mbele.

Mvua nzito inayoshuka kutoka kwenye CB huburuta hewa baridi pamoja nayo, na hewa hiyo ikigonga maji hutawanyika pande zote kwa kilomita nyingi. Ndege inayokuja kutua hukutana kwanza na upepo wa mbele, ikanyanyuliwa. Muda mfupi baadaye upepo huo hugeuka ukawa wa nyuma, na ndege hupoteza nguvu ya kuelea ikiwa chini sana, mahali pasipo na nafasi ya kurekebisha. Marubani tunafundishwa kukaa mbali na wingu kali la namna hiyo kwa takriban maili 20 za baharini tunapoweza. Kuzunguka kusini kwa nusu saa ni kazi ya kawaida kabisa, na mafuta ya kufanya hivyo huwa yameshahesabiwa kabla ya kuondoka.

Hebu tazameni mfano huu wa taarifa ya hali ya hewa ya uwanja, niliouandika mwenyewe kwa ajili ya kufundishia: HTMW 060430Z 34012KT 9999 VCTS FEW016CB SCT090 22/18 Q1018. HTMW ni uwanja wa Mwanza. Tarehe 6, saa 04:30 ya saa za dunia, ambayo kwetu ni saa 1 na nusu asubuhi. Upepo unatoka kaskazini, ukiegemea magharibi kidogo, kwa noti 12 (kama kilomita 22 kwa saa), nao ni ule wa mstari mweusi. Mtu anaona kilomita 10 au zaidi, jambo linaloelezea mabati yanayong'aa ya Mwalimu. VCTS ni radi iliyo jirani, kati ya kilomita 8 na 16 kutoka uwanjani. Wingu la CB ni okta 1 au 2 tu, kitako chake futi 1,600. SCT090 ni mawingu yaliyotawanyika futi 9,000 juu, na Q1018 ni shinikizo la hewa. Pengo la joto 22 na umande 18 ni 4, na kila nyuzijoto moja ni kama futi 400, kwa hiyo hesabu ya mzee inakubaliana nalo. Kumbukeni kwamba futi hizo huhesabiwa kutoka uwanjani: Mwanza iko futi 3,760 hivi juu ya usawa wa bahari, na kipimo changu cha urefu kitasoma karibu 5,360 nikigusa kitako hicho.

Sote wa kanda hii tunaikumbuka tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, asubuhi yenye hali mbaya ya hewa, na watu 19 wakapoteza maisha. Sitaijadili ajali yenyewe hapa. Naitaja kwa heshima ya waliotutoka, na kwa sababu tangu siku ile, nikitangaza kwamba tutasubiri, sisikii tena mtu akilalamika.

BintiWaIlemela

Shikamoo mzee, na ahsanteni sana nyote. Leo saa 12 na nusu asubuhi nilitoka na wanafunzi 6 wanaokaa jirani, tukasimama ufukweni Igombe, tukagawa anga kama mlivyoeleza. Tuliandika okta 5, yaani BKN. Baadaye nilitazama taarifa ya uwanja ya muda ule ule, nayo ilisema SCT. Je, tulikosea wapi? Pia mwanafunzi mmoja aliandika kwamba aliona mvua ikinyesha ziwani upande wa kaskazini, kama nguzo nyeusi iliyosimama juu ya maji. Wengine walikataa, kwa kuwa hakukuwa na wingu juu yake. Sikujua nimpe alama au nimkosoe.

MchunguziMstaafu

Marahaba, Mwalimu. Hamkukosea sana, na kosa lenu ni la kila anayeanza. Wingu lililo juu ya kichwa unaliona kitako tu, na mapengo kati yake na jirani yake yako wazi. Mawingu yale yale yakiwa karibu na upeo wa macho, unayaona ubavuni, mapengo yanafichwa nyuma ya minara yao, na anga linaonekana limejaa kuliko lilivyo. Ziwani kosa huongezeka, kwa sababu upeo uko wazi hadi chini kabisa, hakuna mlima wala mti wa kuuziba. Kesho waambie watazame kwanza nusu ya anga iliyo juu, waandike, kisha ndipo washuke pembeni, na katika kushuka huko wajiulize kila mara kama wanaona kitako au ubavu. Kumbuka vilevile kwamba kutoka Igombe hadi uwanjani kuna mwendo, na anga lenu halikuwa lile lile hasa la mchunguzi wa uwanjani.

Kuhusu nguzo nyeusi, huyo mwanafunzi ana jicho zuri na wengine nao walikuwa na hoja. Ile haikuwa mvua. Ni wadudu wa ziwani, wale wadogo wasiouma, ambao hutoka majini kwa mabilioni, hasa karibu na mwezi mwandamo, wakapanda pamoja kama moshi wa tanuri. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kazini niliwaandika kama mvua ya mbali, na bosi wangu akanitoa nje na kunionyesha tofauti: mvua huning'inia, kichwa chake kimeshikana na kitako cha wingu na chini ndiko inakofifia, nguzo ya wadudu husimama, mguu wake uko majini na kichwa kinayumba huru hewani. Tazameni pia ndege wa ziwani, kwa kuwa wataifuata nguzo ya wadudu kwenda kula, na mvua wataikimbia. Mpe alama za kuona, kisha msimame naye tena siku ya mwezi mwandamo ujao, saa ile ile, mlinganishe.